Nzi wa Nne

Kinyaa kilianza na ndala za baba. Nilihitaji mpira wa kuchonga mihuri ya picha, na mpira pekee pale kwetu Mpui ulikuwa soli ambazo baba, mzee Tadei, alizivaa miaka na miaka mpaka visigino vikatoboka. Niliziloweka kwenye maji ya majivu siku mbili. Maji yakawa rangi ya mchuzi. Nilipoinama kuchonga, nikamwambia shemeji Albina, mke wa kaka yangu Leonardi, kwamba sasa naelewa kwa nini mama hulala jikoni.

"Chonga, acha maneno," akasema. "Ukipata kazi utanunua pua nyingine."

Kazi hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi. Ulikuwa mwaka wa kampeni ya vyoo, na Ndugu Mbonile, afisa wa elimu ya watu wazima aliyehamia kutoka Mbeya, alitafuta kijana wa kutengeneza picha za kubandika kwenye madarasa ya ngumbaru. Aliniagiza picha ishirini zinazofanana. Zikimpendeza, nahamia ofisini Sumbawanga. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na mimi na jembe tulikuwa hatusalimiani.

Mahali pa kuchapia nilikuwa napo, pasafi kuliko ofisi yoyote: choo chetu. Tulikijenga kwa matofali, kwa amri ya kijiji, na tangu siku hiyo hakijaingiwa na mtu mwenye haja. Baba aliapa hawezi kuchuchumaa anapochuchumaa mkwewe. Albina naye alisema afadhali afe kuliko kukutana na baba mkwe mlangoni, kopo la maji mkononi. Basi kila mtu alikuwa na upande wake wa shamba la mahindi. Baba juu, Albina chini, sisi wengine katikati. Ukienda kuchuma majani ya maboga unaruka kama mtu anayevuka mto juu ya mawe, na bado unarudi na kitu kwenye kidole gumba.

Karatasi nilizikata kwenye mifuko ya saruji, nikaziweka ubaoni kati ya misumari miwili ili kila rangi itue palepale. Kwanza manjano ya binzari. Yalipokauka, nikapiga bluu ya kufulia juu yake, mahindi yakawa kijani, nikapiga mluzi. Kisha udongo mwekundu kwa matofali ya choo. Mwisho masizi ya sufuria: mlango, bakuli la ugali, na nzi watatu juu ya ugali.

Rangi zote nilizikoroga kwenye uji wa muhogo ili zishike. Siku ya nne uji ulitoa mapovu na kunuka kama soksi za bweni zima. Nzi wakasikia mwaliko. Walitoka shambani, kule mnakojua, wakatua na miguu yao ileile kwenye masizi mabichi, wakanasa. Niliwabandua kwa kijiti huku nikitapika mate. Sikuwabandua wote.

Ijumaa Ndugu Mbonile akaja na pikipiki. Akamwamkia baba shikamoo, akaketi, akaanza kufunua picha. Alikuwa na tabia ya kulamba kidole kabla ya kufunua.

"Marselino, hii kali! Rangi nne kwenye mfuko wa saruji! Na hawa nzi utadhani wataruka." Akalamba, akafunua. "Watatu." Akalamba. "Watatu. Hapa wanne. Huyu wa nne ulimchonga wapi?"

Akamgusa. Nzi akamganda kidoleni, bawa moja likabaki kwenye ugali.

"Ni nzi," akasema.

"Ndiyo, Ndugu."

"Wa kweli."

"Lakini amekauka, Ndugu."

Akatema mate mara tatu, akasukutua kwa maji ya kunywa ya baba, akasukutua tena. Kisha akaitazama picha, akakitazama choo chetu, akaenda kukifungua. Ndani kulikuwa na kamba za kuanikia, makopo ya rangi, na kigoda changu juu ya jiwe lililofunika shimo.

"Sasa nyie mnaenda wapi?"

Upepo ukavuma kutoka kwenye mahindi, ukajibu.

"Mzee, choo hiki cha nani?"

"Cha serikali," akasema baba. "Mwanangu, kwenu huko Mbeya, wewe na mkweo mnachangia shimo moja?"

Ndugu Mbonile akaufunga mlango wa choo. "Kwetu," akasema taratibu, "mama akisikia babu anakohoa tu, anakimbilia kwenye kahawa." Akajikuna shingo. "Tuliandika kaya moja, choo kimoja. Hatukuuliza nani anaishi na nani."

"Na kazi yangu?" nikauliza.

"Picha nzuri. Ila sitampeleka ofisini mtu anayesifia choo kisha anaenda shambani. Chimba cha pili. Baada ya wiki mbili nakuja, na nitaingia vyote."

Nilichimba. Nilianzia pale pembeni mwa shamba, na niliyokutana nayo kwenye udongo wa juu siyaandiki. Kuna watu wanasoma huku wanakula. Nilipofika kiunoni, baba akachungulia.

"Karani! Umefika Sumbawanga?"

"Bado, baba. Napita upande wako wa mahindi."

Kilipokamilika, nikachonga muhuri mwingine kwenye kipande cha mwisho cha ndala, nikachapa choo cha pili juu ya kijani, picha zote ishirini, nikabandua na lile bawa. Uji safari hii nilipika mpya kila asubuhi. Baba akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Changu kipi?"

"Kipya."

"Mkwe asije akaitazama mbele yangu."

Ndugu Mbonile alirudi, akaingia choo cha kwanza, akatoka, akaingia cha pili, akakaa humo zaidi ya muda wa ukaguzi. Akanawa. Kisha akaniamuru nimfunulie picha mwenyewe, mikono yake akiwa ameifungia mgongoni, na akahesabu nzi mmoja mmoja mpaka picha ya ishirini.

"Watatu," akasema. "Panda pikipiki."