Kiti cha Kulow

Mwalimu Koome alikuwa mtu wa kushuku hata kivuli chake. Ukimsalimu mara mbili kwa siku moja, atajiuliza unamtakia nini. Sasa mtu wa namna hiyo afungue mkahawa wa tambi na piza mjini Garissa, kando ya barabara wanayopita watu wa kwenda kutazama twiga, halafu kila siku aje mzee akae karibu na mlango wa jikoni, aagize chai tu na kukodolea macho masufuria. Usingizi utatoka wapi?

Mzee mwenyewe alikuwa Kulow, mwenye bucha kule Galbet. Yeye ndiye aliyewaletea nyama ya mbuzi kila asubuhi. Lakini nyama ikishapokelewa, mbona haondoki? Anavuta kiti. Anamtazama Risper, mke wa Koome, akikaanga vitunguu. Anauliza mafuta haya ni ya nini, chupa ile ina nini. Siku moja aliichukua chupa ya siki, akainusa, akairudisha mahali pake.

"Anaiba mapishi yako," Koome alimwambia mkewe. "Usishangae ukiona amefungua mkahawa wake hapo ng'ambo."

"Baba Mwenda, mzee wa watu anakunywa chai."

"Chai ya kutwa nzima?"

Risper alikuwa amepika miaka mingi katika hoteli za Waitaliano kule Malindi, na walikuwa wamekubaliana waziwazi: mkahawa ukisimama, watabaki Garissa pamoja, ukianguka, yeye atarudi Malindi kupika, na watoto ataondoka nao. Kwa hiyo Koome alikuwa na cha kupoteza. Na mambo yalikuwa yameanza kunyooka. Jioni za Ijumaa na Jumamosi familia zilijaa, kina mama kwenye vyumba vya mapazia, watoto wakidai ndizi mbivu za kulia tambi, kama ilivyo desturi ya huko. Mwanzoni Risper aliona ndizi ni matusi kwa mchuzi wake. Siku hizi ananunua mkungu mzima.

Alhamisi moja Kulow aliingia hadi ndani ya jiko, akafunua sufuria. Koome alishindwa kuvumilia. Alimshika mkono, akamtoa nje mbele ya wateja.

"Mzee, nenda ukapeleleze kwako."

Kulow aliutazama ule mkono uliomshika. "Sawa, mwalimu, mimi naenda. Lakini hujui unafukuza nani."

Masikioni mwa Koome hilo lilikuwa tishio. Ijumaa asubuhi nyama haikuletwa, naye akaona vita vimetangazwa. Risper alikuwa amekwenda sokoni kutafuta nyanya. Koome, hasira zikiwa bado zinamchemka, alikwenda soko la mifugo, akanunua mbuzi, akamchinja mwenyewe nyuma ya jiko, kama ambavyo angefanya kwao Meru akipata mgeni. Risper aliporudi alikuta nyama imekatwakatwa ndani ya beseni.

"Mzee ameleta? Afadhali."

"Nyama si hiyo hapo?" Koome alijibu, akatoka.

Jioni magari yalikuja, yakapunguza mwendo, mtu akachungulia ndani, yakaenda zake. Koome alisimama mlangoni akiwashuku wote. Gari moja tu ndilo lililosimama. Lilikuwa la Ruweyda, mteja wao tangu mwanzo.

"Mwalimu, Kulow yuko wapi leo?"

"Ametoka kidogo. Atarudi."

Uongo huo ulimtoka kabla hajaufikiria. Ruweyda aliingia na watoto wake, wakala wakashiba, wakaondoka wakishukuru. Hakuja mwingine.

Abdisalam, mwenye duka la jirani, ndiye aliyemfungua macho wakati anafunga duka lake.

"Mwalimu, unamfukuza shahidi yako? Watu walimuuliza Kulow, kwa hawa watu ya bara chakula iko halali? Akasema, wallahi, mimi siwezi kusema kitu sijaona. Ndiyo akakuja kukaa. Watu wakimwona pale, wanajua nyama ni yake na sufuria ameona. Leo kiti iko wazi."

Aibu ilimshika Koome, na nyuma ya aibu hofu, kwa sababu alikumbuka beseni la mbuzi aliyemchinja mwenyewe, naye si Mwislamu.

Asubuhi alikwenda Galbet na Risper kumwomba mzee radhi. Beseni hakulitaja. Kulow alimsikiliza huku akikata nyama.

"Yamekwisha," alisema. "Leo nitakuja. Lakini jana hukuchukua nyama kwangu. Watu walikula nini?"

Risper aligeuka kumtazama mumewe.

"Mbuzi," Koome alisema.

"Nani alichinja?"

Jina la bucha nyingine lilikuwa tayari kwenye ulimi wake. Angelitaja, kiti kingepata mtu, mkahawa ungejaa, watoto wangebaki. Nani angejua? Alimtazama mkewe, akaona ameshaelewa.

"Mimi."

Kulow aliweka kisu chini.

"Nani alikula?"

"Ruweyda na watoto wake."

"Wao hawakujua, Mungu hawezi kuwadai. Wewe utaenda kuwaambia."

"Utanisemea, mzee?"

"Mimi nasema kitu nimeona. Nitasimama na wewe kwa mlango. Ukisema ukweli, nitasema nimesikia. Basi."

Walikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Ruweyda. Risper alitangulia, na njia nzima hakumgeukia mumewe hata mara moja. Koome alipobisha, Ruweyda alifungua mwenyewe, uso umejaa furaha.

"Karibuni, mwalimu. Hawa watoto wananisumbua tangu asubuhi, wanauliza kama leo mtapika tena ile nyama ya jana."

Kulow alisimama kando, akisubiri kusikia.