Povu Chini ya Mashine

Mama Cherehani alikuwa ameapa kwamba hatatia tena mkono kwenye beseni la vyombo. Jumatano asubuhi, sufuria na sahani za tangu jana zikiwa zimejaa kwenye sinki, aliapa mara ya pili, na safari hii kwa sauti, ili mumewe asikie.

"Nimesikia," alisema mumewe kutoka sebuleni. "Basi tutakula kwenye magazeti."

"Kula. Mimi nina sare za kushona."

Hebu tumwelewe kabla hatujamwita mkaidi. Mama huyu anashona sare za wauguzi, nyeupe pee, na ngozi yake haipatani kabisa na sabuni. Akishinda na maji ya vyombo siku mbili tatu, vidole vinapasuka kandokando ya kucha na kutoa damu. Glavu za mpira ndizo balaa zaidi, zinamtoa vipele mpaka kwenye viwiko. Daktari alimwambia wazi: chagua, vyombo au cherehani. Akachagua cherehani. Akajinyima mwaka mzima, akanunua mashine ya kuoshea vyombo, akaiweka pale kando ya sinki, na kwa miezi minane vidole vyake vikapona.

Sasa mashine ikafa. Jumamosi aliiwasha ikabaki inanguruma tu, haivuti maji, haioshi, na kijitaa chekundu kinamkonyeza. Jumapili akaja fundi wa friji wa mtaa wa pili. Fundi akaigonga ubavuni mara mbili, akatega sikio, akatikisa kichwa kama aliyefika msibani.

"Ubongo umeungua," alisema. Ubongo ndilo jina alilolipa lile bamba la umeme linaloamrisha kila kitu humo ndani. "Spea zake hazipatikani. Nitawasaidia kuiondoa, msipate usumbufu. Jumatano saa tisa nakuja na mkokoteni."

Mumewe alikubali upesi. Upesi mno. Huyu ni mtu ambaye mtaa mzima unamwita Dereva, kaendesha malori miaka thelathini, kawahi kulala siku mbili chini ya lori akibembeleza giaboksi. Leo anakubali kwamba mashine imekufa kwa sababu mtu kaisikiliza! Jambo hilo lilimkaa mkewe vibaya, ila hakulitia maneno.

Akaosha kwa mkono. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Jumanne, akiwa ametoka tu kwenye beseni na kukaa kwenye cherehani, kidole gumba kikachanika na tone la damu likadondokea kola ya sare ya kumi na tisa. Tone dogo tu, sawa na kichwa cha pini. Alilia, tena si kidogo. Sare thelathini zilitakiwa zahanati Ijumaa, na hakuna muuguzi atakayevaa kola yenye damu ya mshonaji. Wakimnyang'anya kazi hiyo, wateja wote watajua kwamba vidole vya Mama Cherehani vimekwisha, na hapo na yeye amekwisha.

Kwa hiyo Jumatano hakuosha.

"Mama watoto," mumewe alimwita saa saba mchana, akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni. "Toa vitu vyako humo kwenye mashine, jamaa asije akasubiri."

"Haiondoki."

"Fundi amesema ubongo—"

"Fundi amesema kwa sikio. Mimi nitasema kwa macho."

Akachomoa waya ukutani. Akapiga magoti na kijitabu chenye picha, maana maneno yake yalikuwa ya lugha sita na hata moja haikuwa yake. Akaanza na chujio la chini. Alilikuta na uchafu wa kawaida, punje mbili za wali na mbegu ya limau. Akalisafisha kwa brashi kavu. Akatoa ile mikono miwili inayozunguka na kurusha maji, akachukua sindano nene ya kushonea jinzi, akazibua tundu moja moja. Akamulika bomba la kutolea maji, halikujikunja. Akatazama koki ya kuingizia maji, ilikuwa wazi.

"Utapigwa na umeme," alisema Dereva.

"Nimechomoa waya, umeniona."

"Utaiharibu zaidi."

"Si mmesema imekufa? Kilichokufa nitakiharibu vipi?"

Dereva hakuondoka. Alihama kutoka mguu huu kwenda mguu ule kama mtu aliyebanwa na haja.

Akarudisha kila kitu mahali pake, akachomeka waya, akabonyeza. Mngurumo ule ule. Moyo ulimshuka, tusidanganyane. Alikaa sakafuni ameshika tama, akatazama kidole chake kilichofungwa kitambaa, hasira zikampanda upya, naye akazishukuru. Akachomoa waya tena. Akaleta bisibisi ya cherehani, akafungua skrubu mbili za bamba la chini, lile lililo karibu na sakafu, akalala kifudifudi na tochi ya simu.

Chini ya mashine kulikuwa na sinia pana la bati, na sinia lilijaa maji. Juu ya maji hayo kulielea kidude cheupe cha plastiki. Akakijua papo hapo, maana tangi lao la maji lina ndugu yake. Boya. Maji yakipanda linapanda, na likipanda linakata maji. Kumbe mashine haikuungua popote. Ilikuwa na akili timamu kuliko fundi. Iliona maji yamemwagika chini, ikakataa kuingiza mengine, ikabaki inasukuma nje yaliyomo, siku nne mfululizo kila inapowashwa.

Alitaka kucheka. Lakini maji yale hayakuwa matupu, yalikuwa na povu. Akafunga kitambaa kwenye ncha ya rula yake ndefu ya mbao, akachovya, akanusa.

Ndimu.

Vidonge vya sabuni ya mashine havinuki ndimu. Havinuki kitu. Chenye harufu ya ndimu ni chupa ya kijani iliyo juu ya sinki, sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono. Akakumbuka kwamba Ijumaa iliyopita alishinda zahanati akiwapima wauguzi, na nyumbani alibaki mtu mmoja na vyombo vyake.

Akainuka taratibu. Wakati huo huo mkokoteni ukasikika uani, na fundi akaingia bila hodi akiwa na kamba begani.

"Karibu fundi, umefika wakati mzuri," alisema Mama Cherehani. Kisha akamgeukia mumewe na kumwelekezea rula puani. "Nusa."

Dereva akanusa.

"Vidonge sikuviona," alisema. "Nikatia ile ya chupa. Sabuni si sabuni?"

"Kiasi gani?"

"Kikombe."

"Kikombe kizima?"

"Povu likatoka mlangoni, likafika mpaka kwenye friji. Nilipiga deki mara tatu kabla hujarudi." Alitazama vidole vya miguu yake. "Nilijua nimeiua. Fundi aliposema ubongo, nikaona basi, yaishe hapo."

"Na mimi nikaosha siku nne."

Fundi akakohoa, akasema kwamba hata hivyo mashine za namna hii zikishalowa chini hazifiki mbali, na kwa kuwa mkokoteni upo...

"Fundi," alisema mama, "hicho kichwa unachotikisa, kishushe chini uone na macho. Halafu geuza mkokoteni wako."

Fundi hakuinama. Alikunja kamba yake na kukaa kwenye kiti, akitaka kuona aibu inamwangukia nani.

Mama Cherehani akamkabidhi mumewe matambara na kopo. Hakumbembeleza wala hakumfokea. Dereva akavua shati, akalala pale alipolala mkewe, akakamua tambara baada ya tambara. Wakati fulani alishtuka na kuvuta mkono. Ukingo wa bati ulikuwa umemkwaruza vidole viwili. Akavificha kiganjani na kuendelea. Boya likashuka mpaka chini kabisa.

Mama akachomeka waya na kubonyeza. Kimya. Mngurumo haukuwapo. Wote watatu wakasikiliza, na fundi safari hii hakuhitaji kutega sikio, kwa sababu maji yalianza kuingia kwa kishindo.

Fundi akasimama, akasema ana friji inamsubiri mahali. Hakuna aliyemzuia.

Lakini sabuni ya kikombe kizima haiishi kwa siku moja. Dakika tano baadaye povu likaanza kuchungulia kwenye ufa wa mlango. Mama akazima, akafungua. Povu lilikuwa limejaa mpaka kwenye kikapu cha juu.

"Hilo linachotwa kwa mkono," alisema. "Likiisha, unaingiza maji matupu, unachota tena, mpaka lisirudi."

"Kwa mkono?"

"Wangu hautaingia. Leo hautaingia, na kesho hautaingia."

Dereva akapiga magoti, akakunja ngumi, akaikunjua, akazamisha mkono kwenye povu mpaka kiwiko. Uso ukamkunjamana. Akautoa upesi na kuvitazama vile vidole viwili vilivyokwaruzwa.

"Inachoma," alisema.

"Ndiyo."

"Inachoma sana."

Mkewe alisimama pale, kidole gumba kimefungwa kitambaa, akamtazama bila kupepesa. Dereva aliinua uso akakiona kile kitambaa, na nadhani ndiyo mara ya kwanza kukiona, ingawa kilikuwa mbele yake tangu jana.

"Siku zote nne ilikuwa hivi?" aliuliza.

"Zote nne."

Dereva akarudisha mkono ndani ya povu, na Mama Cherehani akaenda kuanza kola ya ishirini.