Kichomi Hakina Shamba

Kila aliyemwuliza Wendelin kwa nini alihama kijiji cha Mofu alipewa jibu moja: "Nimekimbia kichomi." Kule bondeni, alisema, watoto hulala madunguni, vibanda vya juu mashambani, wakati wa kuamia ndege wasile mpunga, na umande huwaingia kifuani. Beno wake, mwenye miezi kumi, angelala Ifakara mjini, kwenye chumba cha sementi.

Wiki hiyo mama mkwe wake, Mama Luciana, alikuwa amekuja kuwatembelea. Restituta, mkewe Wendelin, alikuwa sokoni akiuza mchele. Wendelin aliporudi mchana kutoka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, alimkuta mkwe peke yake na mtoto. Kwao mkwe hasemeshwi hivihivi. Mke ndiye hupeleka maneno, na mke asipokuwepo hutumwa mtoto, hata kama hajajua kusema.

Akasimama mlangoni, macho chini. "Beno, mwambie bibi shikamoo."

"Beno, mwambie baba yako marahaba. Na mwambie una kichomi."

"Mwambie bibi kichomi kiko Mofu. Hapa mjini hayo ni mafua."

"Mwambie baba kichomi hakina shamba. Jiko la mkaa mnapikia humuhumu, dirisha mmeziba kwa gunia, mnapumuliana kama vifaranga kwenye tenga."

"Mwambie bibi sakafu hii nimeipiga mwenyewe."

"Mwambie baba sakafu imependeza. Sasa atazame mbavu zako."

Wendelin hakutaka kutazama, lakini alitazama. Kila Beno alipovuta pumzi, ngozi chini ya mbavu ilibonyea ndani. Mama Luciana, aliyekuwa mhudumu wa afya kijijini kwao kwa miaka kumi na miwili, aliweka simu pajani, akahesabu pumzi kwa dakika nzima.

"Pumzi sitini na mbili. Kwa umri wake, hamsini tu ni hatari."

Wendelin alifungua mdomo amtume Beno jibu jingine. Mtoto akakohoa, akakunja uso, akakosa nguvu ya kulia.

"Mama," Wendelin alisema, akimtazama mkwe usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ya mahari. "Tupande pikipiki, tumwahishe zahanati."

Mama Luciana alimfunga Beno kifuani kwa kitenge, akapanda nyuma. "Nishike wapi?"

"Shika shati, mama."

"Limejaa pumba."

"Basi shika pumba."

Wanawake waliokuwa wanatoka sala ya jumuiya walisimama kuangalia mtu aliyempakia mkwe wake. Wendelin akaongeza mwendo.

Kwenye zahanati, benchi lilikuwa na akina mama watatu, na watoto wao walipumua mbiombio kama Beno. Wendelin aliwauliza wametoka vijiji gani.

"Kijiji? Viwanja Sitini, hapahapa mjini," alisema wa kwanza.

"Kibaoni."

"Mimi hapa nyuma tu, kaka. Unatuona washamba?"

Mama Luciana alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa ugonjwa.

Muuguzi Edna alihesabu pumzi tena, akampima Beno hewa kwa kifaa cha kubana kidole. "Ni kichomi, lakini mmewahi. Dawa siku tano, na kesho kutwa mnirudishie nimwone."

Akayeyusha kidonge kwenye kijiko. Beno alionja, akatema nusu kwenye shati la baba yake, akalia kwa hasira zote alizokuwa nazo.

"Yeyusha kingine," Wendelin alimwambia muuguzi, akicheka huku macho yamelowa.

Walipokuwa wanatoka, kijana mmoja aliingia na mtoto begani. "Mafua tu haya," alimwambia kila mtu. "Sisi tunakaa mjini."

Wendelin alimwonyesha benchi. "Kaa hapo, ndugu yangu. Wote hawa ni wa mjini."