Kapu la Mfamasia

Kwa miaka ishirini na minane mfamasia aliwagombeza watu wanaochanganya dawa. Mtu akikiri kwamba amemeza vidonge vya jirani juu ya vile alivyoandikiwa, alipewa vidonge vyake vya maneno mpaka foleni nzima inaangalia chini. Sasa amestaafu, na kompyuta yake ilikuwa na kinga tatu za virusi, visafishaji vinne na programu moja iliyojiita Daktari. Karibu zote aliziweka mwenyewe, kwa mikono yake miwili, na mashine ilikuwa hoi.

Wala hayakuwa mambo ya mzaha. Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na kitabu chake cha vipimo vya dawa za watoto, kazi ya miaka tisa, kwa ajili ya wauguzi wa zahanati zisizo na mfamasia. Mpiga chapa alikitaka Ijumaa. Leo Jumatano, na kufungua ukurasa mmoja kulichukua muda wa kuchemsha chai na kuimaliza. Kisafishaji cha nne kilikuwa kimemwekea kitufe kikubwa cha kijani: Safisha Yote. Kidole kilikuwa kinamwasha.

Akaona ampigie kwanza wifi yake, dada wa mumewe, fundi wa kompyuta ambaye ukoo mzima ulimwita Maswali. Huyo hanywi maji bila kuuliza yametoka wapi. Siku ya kwanza walipokutana alimuuliza mfamasia maswali kumi na saba, na mfamasia aliyahesabu, na hakuwahi kuyasahau.

"Usibonyeze kitu, wifi," Maswali alisema kwenye simu. "Nakuja."

Alikuja na diski yake. Kabla ya kugusa kingine chochote alinakili humo folda nzima ya nyaraka, ndipo akaanza kuzihoji programu moja moja.

"Hii inafanya kazi gani hapa?"

"Kinga ya virusi."

"Na hii?"

"Kinga pia."

"Na ya tatu?"

Mfamasia akaisogelea skrini, akasoma jina. "Kinga."

"Kila moja inadhani mwenzake ndiye kirusi," wifi alisema. "Zinashinda zikichunguzana, kazi yako inasubiri."

"Yaani nimechanganya dawa. Mimi."

"Wewe, wifi yangu." Wala hakucheka, na mfamasia alimpenda kwa hilo.

Mfamasia akabaki kumtazama wifi akizihoji. Nani kaitengeneza hii? Imesasishwa lini mara ya mwisho? Kisafishaji kinataka ruhusa ya kamera, cha nini? Daktari hakujibu hata swali moja, akatolewa nje. Mwishoni zilibaki mbili: kinga moja, na kisafishaji kilichokuja na mashine yenyewe. Ukurasa ukafunguka papo hapo. Mwanamke huyu anajua kazi, mfamasia alijiambia, na hajawahi kuniambia kwamba anajua.

Wifi akaamuru kisafishaji kianze. Kikaorodhesha vya kutupwa, naye akasimamisha mkono.

"Wifi, kwenye kapu kuna mafaili mia mbili na kumi na moja. Ni ya nini?"

"Sura za kitabu. Nikimaliza sura naitia kapuni isizagae."

Aliyemuuzia kompyuta alikuwa ameliita pipa la taka Kapu, na picha yake ilikuwa ya kapu kweli. Nyumbani kwa mfamasia, kapu ni mahali pa kuwekea kitu kisipotee.

Wifi akamweleza taratibu kwamba kilichomo kapuni ndicho kisafishaji hukitupa kwanza. Mfamasia akakikumbuka kile kitufe cha kijani, akakaa kitandani. Miaka tisa. Angebonyeza asubuhi ile ile.

Wifi alizitoa sura zote, akazinakili mara mbili, akalibadilisha kapu jina likawa Jalala. Mfamasia akafuta machozi kwa pindo la kanga, akasogea kwenye kompyuta. Ukurasa wa kutabaruku ulikuwa mtupu tangu mwaka wa kwanza. Akaandika: Kwa wifi yangu, aliyeuliza.

Wifi alikuwa anachungulia begani.

"Mbona mimi?"

"Uliza na lingine," mfamasia alisema, akamsogezea kiti.