Pengo katika Wimbo wa "Hatuinami"

Kaka yangu alikuwa mwanamuziki mkubwa. Hili nimelijua juzi tu, kwenye mazishi yake, kutoka kwa watu ambao siku zote walimwita "yule rasta wa pampu", na akiwasalimia walitazama saa. Kufa ni dawa nzuri ya kusifiwa. Kasoro yake ni moja tu.

Haukupita muda Kampuni moja ya muziki ikanipigia simu. Walikuwa wanakusanya nyimbo za rege za zamani katika albamu moja, pamoja na kijitabu cha kueleza kila wimbo ulirekodiwaje. Walinipa pole vizuri kabisa, kisha wakauliza kama ninayo picha ya Kaka akiwa na nywele ndefu na gitaa la besi. Nikasema ninayo akiwa na kipara, akitengeneza pampu ya maji. Wakasema hapana, asante.

Kundi lao lilikuwa la watu wanne. Mwimbaji aliitwa Nabii, ingawa sikuwahi kumsikia akitabiri chochote, hata mvua. Mpiga ngoma aliitwa Radi. Kinanda kilipigwa na binamu yake Nabii, ambaye baadaye alikuja kuwa mhasibu na kukana kwamba amewahi kukaa karibu na kinanda. Kaka alipiga besi, kwa sababu ilikuwa na nyuzi nne tu na yeye alikuwa na haraka ya kuanza.

Mahali waliporekodia, Kampuni inapaita "studio ya kihistoria". Lilikuwa ghala la magodoro la mjomba wake Nabii. Magodoro yalisimamishwa ukutani ili sauti isirudi, na mengine yalitandikwa chini kwa ajili ya binamu wa kinanda, aliyekuwa na usingizi wa kuzaliwa. Maikrofoni zilikuwa mbili. Moja ilining'inizwa kwenye boriti kwa waya wa pasi. Ya pili ilitumbukizwa ndani ya pipa tupu, na Nabii akaimba akiwa ameingiza kichwa humo ili apate mwangwi. Mwandishi mmoja wa magazeti alisema sauti ile inatoka katika kina cha mateso ya mwanadamu. Ilitoka kwenye pipa la mafuta ya kupikia.

Ukuta wa pili walikuwapo mafundi wa kuchomelea vyuma, kwa hiyo hakuna kilichorekodiwa ila wakati mafundi wanakula mchana. Wala hapakuwa na kusema kipande changu nitakirudia kesho. Wote walipiga kwa pamoja, kanda ikizunguka. Mmoja akikosea wanaanza upya, na mafundi wakishiba kabla wimbo haujaisha, basi siku imekwenda.

Wimbo uliowapa jina uliitwa "Hatuinami". Ulisema hatuinami mbele ya mtu yeyote, awe mkubwa, awe tajiri, awe nani. Ulilisema hilo mara nyingi sana, asije mtu akasema hakuambiwa. Lakini baada ya ubeti wa pili kuna kitu kinatokea: besi inanyamaza. Ngoma inaendelea, kinanda kinaendelea, Nabii anaendelea kutoinama, ila besi haipo. Halafu inarudi, kama mtu aliyetoka nje kidogo. Walipofika mwisho wa wimbo, kwa jirani chuma kilikuwa kimeshaanza kulia. Ikabidi nakala hiyohiyo ndiyo itoke.

Wimbo ukapendwa, na pengo likapendwa zaidi. Mtangazaji mmoja wa redio kila akiucheza aliuliza, "Jamani, besi imekwenda msalani?" Aliyechekwa hasa hakuwa Kaka, alikuwa Radi, maana watu hudhani mpiga ngoma ndiye anayewachunga wenzake. Radi akamuuliza Kaka kilichotokea. Kaka akajibu, "Nilisikia inafaa hivyo." Radi akaamini mwenzake alisinzia na hataki kusema. Wakaacha kutembeleana, na kundi likafa bila hata tanzia.

Kilichotokea nakijua mimi, kwa sababu nilikuwapo mlangoni.

Baba alikuwa fundi saa, mtu wa kupenda vitu vinavyokwenda kwa mpangilio. Kaka alipoanza kufuga nywele na kuleta besi nyumbani, Baba hakupiga kelele. Alisema tu, "Siku utakayotoka kwenda kulipiga hilo gogo, usinisalimie tena." Kaka akatoka. Tangu hapo tukawa na utaratibu mpya: Kaka anaingia, anamsalimia Mama, ananitania mimi, kisha anampita Baba kama anavyolipita kabati. Baba naye anainamia saa ya mteja. Wote wawili waliumia, na wote wawili walikuwa wanaume wenye msimamo, yaani hapakuwa na mwenye akili kati yao.

Mchana ule wa kurekodi, Mama alimtuma Baba akanunue godoro la mgeni. Shule zilikuwa zimefungwa, nikafuatana naye ili nisaidie kubeba. Tulipofika dukani kwa mjomba wake Nabii, Baba hakuingia kwa mbele. Akazunguka nyuma. "Mama yako kasema yaliyo imara wanayaficha ghalani," akaniambia, akasukuma mlango.

Radi alikuwa ametupa mgongo. Nabii alikuwa ndani ya pipa mpaka mabegani. Binamu alikuwa amefumba macho, kwa muziki au kwa usingizi, Mungu ndiye ajuaye. Aliyetuona ni Kaka peke yake. Nikaiona mikono yake ikiachia nyuzi, kama ya mtu aliyeshika sufuria ya moto. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Baba."

Katikati ya "Hatuinami".

Baba angeweza kunyamaza, na alikuwa hodari wa kunyamaza. Lakini shikamoo ni kama kitu ulichorushiwa ghafla: mkono unadaka kabla kichwa hakijaamua. "Marahaba," akasema, kwa ile sauti yake nzito kama ya kusafisha koo. Kisha akaufunga mlango taratibu, akaenda mbele ya duka, akanunua godoro. Mgeni hakuwahi kuja.

Jioni Kaka alipoingia nyumbani alitoa shikamoo, na Baba akaitika, kwani neno lilishatoka na maji yakimwagika hayazoleki. Hakuna aliyeomba radhi wala aliyetoa. Ila Kaka alinivuta jikoni.

"Ukimwambia mtu, hasa Radi, mimi na wewe basi. Wimbo mzima tunasema hatuinami, halafu mimi nakunja shingo mbele ya fundi saa!"

"Si fundi saa, ni baba yako."

"Ndiyo vibaya zaidi."

Nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka Baba akafa, nikanyamaza mpaka Kaka akafa. Sasa naandika ili nisije nikasahau, na Kaka kama ana neno, aje aseme.

Baba hakuwahi kurekodiwa. Kaka naye, aliyesimama nyuma ya mwimbaji ujana wake wote, hakuwahi kuimba hata kiitikio. Sauti zao nilizobaki nazo ni maneno matatu ndani ya pengo moja. Kwa hiyo niliposikia kwamba kabla ya kutoa albamu Kampuni inazisafisha nyimbo, nilivaa viatu nikaenda.

Studio yao ilikuwa na zulia mpaka ukutani na kiyoyozi cha kuhifadhia samaki. Radi alikuwapo, kichwa chote mvi. Yeye ndiye aliyeitunza kanda ya kwanza, kwa hiyo Kampuni ilimwachia neno la mwisho kuhusu wimbo. Nabii alikuwapo pia, amevaa miwani ya jua ndani ya chumba kisicho na dirisha.

"Pole tena, mdogo wangu," Radi akasema. "Leo tunamsitiri kaka yako. Lile pengo tunaliziba."

"Mnaliziba na nini?"

Fundi wa sauti, kijana mwenye adabu, akageuza kiti. "Ni rahisi, mama. Nachukua besi ya ubeti wa kwanza, nainakili, naibandika hapa. Halafu naondoa uchafu wa chini. Kuna kelele ya mlango, kuna watu wanaongeaongea."

"Watu gani?"

"Wapita njia tu."

Akatuchezea. Ulikuwa wimbo safi kweli, umeoshwa mpaka kwenye kwapa. Mahali pa pengo besi ilipita moja kwa moja juu ya Baba, na Baba hakusikika hata kukohoa. Ulikuwa mkono wa Kaka bila Kaka.

"Mnaona?" Nabii akafurahi. "Hata mimi nasikika kijana."

"Liacheni pengo," nikasema.

Radi akanitazama kama anayetazama mtoto aliyeomba kisu. "Mdogo wangu, unajua nilivyochekwa? Kwenye harusi yangu mwenyewe mshereheshaji aliwaambia wageni wasimame, wanyamaze kidogo kwa kumbukumbu ya besi. Mke wangu akacheka. Siku ya kwanza ya ndoa! Nilimwambia kaka yako, sema tu ulisinzia, yaishe. Akanidanganya usoni. Hata kwenye mazishi nilishindwa kusogea mbele."

"Nilikuona. Ulisimama karibu na viti vya akiba kama mtu aliyevileta."

Fundi akaweka kidole juu ya kitufe, akingoja tumalize ili ahifadhi kazi yake. Nikajua kwamba nikinyamaza, wapita njia wangu wanafutwa. Nikisema, siri ya Kaka inaingia masikioni mwa Nabii, na kumpa Nabii siri ni kuchota maji kwa tenga. Kaka alijificha miaka yote hiyo, akapoteza rafiki, ili asiitwe muasi wa kutoa shikamoo. Nikatazama kile kidole.

"Hakusinzia," nikasema. "Baba aliingia."

Nikawaeleza yote: mlango wa nyuma, godoro, mikono ilivyoachia nyuzi, neno na jibu lake. Nabii alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho.

"Yaani mimi huku napambana na dunia nzima, mwenzangu huku anatoa shikamoo! Kwenye 'Hatuinami'! Hii nitakwenda nayo..."

"Kijana," Radi akasema, "toa hiyo besi ya kubandika. Nirudishie ya zamani. Na hao wapita njia, niongezee."

Akavaa hedifoni. Akasikiliza. Akasema, "Rudia." Akasikiliza tena huku vidole vyake vikipiga ngoma juu ya goti, na palipofika pengo vidole vikasimama.

"Ni mzee," akasema. "Ndiye aliyenitengenezea saa yangu ya kwanza. Ni yeye kabisa." Akavua hedifoni, akaishika mapajani. "Kwa nini hakuniambia?"

"Alijua utamcheka."

"Ningemcheka!" Radi akapaza sauti mpaka fundi akashtuka. "Ningemcheka mpaka nianguke. Halafu kesho yake tungekwenda kupiga."

Nabii akairudisha miwani usoni taratibu. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni Nabii.

"Lakini tuseme ukweli wa kisanaa. Wimbo wa mapambano hauwezi kubeba shikamoo tumboni. Mimi pale siinami."

"Wewe?" Radi akamgeukia. "Wewe uliinama ndani ya pipa toka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Makalio ndiyo yalikuwa yanatazama dunia."

"Pipa gani?" fundi akauliza, akatafuta kalamu.

"Hakuna pipa," Nabii akasema haraka.

"Hakuna pipa," Radi akakubali, "na hakuna shikamoo. Neno likitoka nje la mzee, na la pipa litatoka. Tumeelewana? Kijana, uache wimbo kama ulivyo. Mlango, pengo, wapita njia, vyote."

"Lakini itaonekana kama kosa, mzee."

"Na lionekane."

Albamu imetoka. Kijitabu chake kina karatasi ya kung'aa na picha ya ghala ambalo silo. Kuhusu pengo kinaeleza kwamba mpiga besi alinyamaza kwa makusudi, ili msikilizaji apate nafasi ya kuutafakari uhuru. Maneno hayo najua yalitoka kwa Radi, ambaye katika maisha yake sijamwona akitafakari kitu chochote ila sahani. Alikuja kuniletea nakala yangu, akaomba nimpeleke makaburini. Safari hii alisimama mbele. Alisema maneno mawili matatu ambayo sikuyasikia, kisha akacheka peke yake, kicheko kirefu cha deni la zamani, mpaka akalazimika kushika bega langu.

Jana nilimwekea Mama. Macho yake yamekwisha, lakini masikio bado yapo, hasa kwa yasiyomhusu. Sikumwambia ni nini. Alikaa kitandani, fimbo katikati ya magoti.

"Huyu anayeimba yuko kisimani?"

"Kwenye pipa, Mama."

"Basi wamtoe."

Ubeti wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Mlango ukalia, besi ikanyamaza. Kaka akasema neno lake, kwa mbali, na Baba akaitika kwa ukaribu kabisa, kana kwamba yuko chumba cha pili anatafuta miwani. Mkono wa Mama ukakaza fimbo.

"Nilimwambia apite mlango wa nyuma," akasema.

Nikageuka kumtazama. Nilitaka kumuuliza kuhusu yule mgeni wa godoro, lakini akaniinulia kidole ninyamaze, uso ameuelekeza kwenye spika.

"Kaitika," akasema. "Haya, mwambie apige sasa."

Na Kaka akapiga.