Aliyeniita Rispa

Kama ungeniuliza asubuhi ya Jumamosi ile ni kitu gani kinanitisha hapa duniani, ningekujibu bila kusita: Hodi ya Alasiri. Wengine huogopa nyoka, wengine huogopa pasta wao. Mimi na jirani yangu tunaogopa tamthilia, tena tunaipenda hivi kwamba wiki isipoonyeshwa tunanuna kama watu walionyimwa haki yao.

Jirani mwenyewe ni Fadumo, anauza nyama ya mbuzi, na mlango wake hapa Kaloleni unatazamana na wangu. Jina hilo nimekutajia tu ili umjue. Mimi humwita Mama Hibo, naye huniita Mama Ooko, tangu siku aliyohamia na kunikuta uani nimembeba Ooko mgongoni. Kwetu mwanamke mwenye mtoto haitwi kwa jina kavu, labda awe anatafutwa ugomvi. Rispa ni jina la kitambulisho. Aliyekuwa akiniita hivyo kwa mapenzi ni mama yangu peke yake, na mama yangu tulishamzika.

Hapo ndipo watunzi wa Hodi ya Alasiri walipotuweza. Pepo wao anaitwa Mgeni. Hana sura. Huja mchana watu wakiwa kazini, akasimama nyuma ya mlango, akakuita kwa sauti ya mtu unayempenda. Lakini ana kasoro moja: analijua jina ulilopewa ulipozaliwa, basi. Hajui umezaa nani. Ukisikia sauti ya rafiki yako ikikuita jina kavu, ufyate ulimi, kwa sababu ukiitika hakuchukui wewe. Anamchukua mtoto wako.

Tulipoambiwa hayo kwenye sehemu ya tatu, Mama Hibo alipanda na miguu yake yote juu ya kochi langu.

"Mama Ooko, leo mimi silali, wallahi."

"Mama Hibo, siku ukisikia nakuita Fadumo, ujue hiyo si mimi."

"Na wewe ukisikia mimi nasema Rispa, usifungue! Hata nikilia, usifungue!"

Tukacheka mpaka machozi yakatutoka. Kwa nini tusicheke? Mchana ulikuwa mweupe na chai ilikuwa tele.

Jumamosi ile Mama Hibo hakuwepo. Alikuwa na oda kubwa ya harusi, kwa hiyo alikwenda Kiamaiko kuchagua mbuzi, akaniachia onyo nisimsimulie chochote kabla hajaona marudio. Ooko naye alikuwa kazini. Ooko ni mwanangu wa pekee, kibarua wa kubeba magunia kwenye kiwanda kimoja cha unga upande wa Mukuru kwa Reuben, na ndiye niliyebaki naye tangu baba yake afariki. Jumamosi hutoka saa nane.

"Mathe," aliniambia asubuhi akifunga kamba za viatu, "hiyo sinema yako ya mashetani usiwatch ukiwa solo. Utashikwa na presha halafu ni mimi nitakubeba."

"Beba magunia yako," nikamjibu. Mdomo wangu ndivyo ulivyo.

Saa nane ikapita. Nikajiambia amepitia uwanjani kutazama mpira. Nikafunika chakula chake, nikachukua kazi yangu ya kushona shanga kwenye sandali za ngozi za soko la Kariokor, nikawasha televisheni. Simu ilikuwa imezima kwa kuishiwa chaji tangu adhuhuri na nilikuwa nimesahau kabisa kuichomeka.

Sehemu ile sitaisahau. Kulikuwa na mama mmoja, Tunu, anafua nguo, na mwanawe Pendo amelala chumbani. Mlango ukagongwa. Sauti ya shoga yake, sauti ileile ya kila siku, ikaita: "Tunu! Tunu, nifungulie!" Nikaitupa sandali chini.

"Nyamaza, mjinga wewe!" nikaifokea televisheni. "Anakuita Tunu! Shoga yako hukuita Mama Pendo, umesahau?"

Tunu akajifuta povu mikononi. Akainua kichwa. "Abee?" akaitika.

Hawakuonyesha mlango. Walionyesha kitanda. Blanketi lililomfunika mtoto likaanza kushuka, taratibu, mpaka likalala bapa juu ya godoro, wala hakuna mtu aliyetoka chini yake. Kisha stima zikapotea, televisheni ikazima.

Mtaa mzima ukapiga ule ukelele wetu wa stima kupotea, halafu kimya. Wingu la mvua lilikuwa limeshuka mpaka mabatini na nyumba ikawa giza la jioni mchana kweupe. Nilikwenda nikafunga mlango kwa komeo. Nilijicheka, lakini nilifunga. Nikalitazama blanketi la Ooko kwenye kitanda chake, limekunjwa vizuri. Nikatamani asingelikunja. Nikatamani angekuwa ndani yake anakoroma.

Mlango ukagongwa.

Mama Hibo hagongi. Mama Hibo husukuma pazia na kusema hodi akiwa tayari ameketi. Huyu aligonga kwa kiganja, haraka haraka, akanyamaza kidogo, akagonga tena.

"Rispa!"

Ilikuwa sauti yake. Haki ya Mungu ilikuwa sauti yake, ila imekauka, kama ya mtu aliyemeza vumbi.

"Rispa, fungua! Rispa!"

Nikaziba mdomo wangu kwa mikono yote miwili. Si kwamba nilitaka kuitika. Niliogopa mdomo usinitoroke, maana ninaujua. Mama Hibo yuko Kiamaiko. Mama Hibo hajapata kuniita hivyo hata siku moja, na alinionya mwenyewe, kwa kinywa chake, juu ya kochi hilihili. Nikapiga magoti nyuma ya mlango. Kwenye upenyo wa chini nikaona kivuli cha miguu kikihama, kikirudi.

"Najua uko ndani. Nifungulie, ndugu yangu."

Sasa kilikuwa kinalia. Hata hilo tulikuwa tumelisema: hata nikilia, usifungue. Nikafumba macho na kuanza kusali, na sala yenyewe ikachanganyika na wimbo wa tamthilia. Nilikuwa mtu mzima, mjane, mwanachama wa kikundi cha akina mama kanisani, nimejikunyata sakafuni. Sikuona haya. Niliogopa tu.

Ndipo likanijia wazo lililonitisha kuliko yote. Ooko yuko njiani. Atatokea kwenye kona sasa hivi akipiga mluzi, na atakikuta hicho kitu kimesimama mlangoni kwangu. Nisipoitika, kitamsubiri. Mimi niko ndani nimejifungia kwa komeo, na mwanangu yuko nje nacho.

Nikashika msharasi, ile sindano nene ya kutobolea ngozi. Nikavuta komeo. Sikuitika, hata neno moja halikunitoka. Nilifungua tu.

Alikuwa Mama Hibo, mtandio umemwanguka mabegani, kiatu kimoja hana. Nyuma yake bodaboda ilikuwa bado inanguruma. Aliutazama msharasi, akanitazama mimi.

"Rispa," akasema. "Twende."

"Niite jina langu."

"Kiema alikupigia, simu yako imezima. Akanipigia mimi. Magunia yameanguka kazini. Twende hospitali."

Kiema ni rafiki yake Ooko, wanabeba pamoja. Nikamshika Mama Hibo mabegani nikamtikisa. Nilimkasirikia kama alivyostahili shetani mwenyewe.

"Niite jina langu! Miaka yote hii unaniita nani?"

Alifungua kinywa, akakifunga. Alipoweza kusema alinong'ona.

"Kiema hakujua kama anapumua. Kila nikitaka kukuita, jina linakwama. Nitasemaje Mama Ooko na sijui kama yupo? Njia yote nimejaribu, wallahi. Imekataa."

Pepo wa televisheni akanitoka saa hiyo hiyo, akaingia woga mwingine ambao hauzimiki hata stima zikipotea. Sikumbuki kupanda ile bodaboda. Nakumbuka mvua, na mkono wa Mama Hibo umenizunguka kiunoni, na kwamba nilikuwa nimemfungulia mlango aliyeniita Rispa.

Kiema tulimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha wagonjwa mahututi, unga umemkaukia usoni pamoja na machozi.

"Mathe, nilimtoa," alisema. "Nilitoa hizo gunia zote na mikono. Hakuwa anaongea."

Muuguzi akatokea, akasema mtu mmoja wa familia anaweza kuingia. Nikasimama. Nikakaa. Nikasimama tena, nikakaa tena. Nilikuwa naliona lile blanketi. Nilijua kabisa, kama ninavyojua jina langu, kwamba nikiufungua mlango ule nitalikuta blanketi limelala bapa.

"Nenda wewe," nikamwambia Mama Hibo. "Wewe ni familia. Nenda uone kama limeinuka."

"Nini limeinuka?"

"Nenda!"

Akaingia. Mlango ukajifunga nyuma yake, mlango wa kijani uliochubuka rangi pale watu wanaposukuma kwa mikono. Kiema aliniuliza kama nataka maji, nikamwambia aninyamazie. Nilikuwa nasikiliza. Maisha yangu yote yalikuwa yamebaki kwenye neno moja, na lilikuwa kinywani mwa mwanamke aliye upande wa pili wa mlango ule. Akitoka aseme Rispa, basi mimi ni Rispa mpaka nife. Nikamwomba Mungu asitoke. Akae humohumo. Kama hatatoka, hakuna kitakachosemwa.

Mlango ukafunguka. Alikuwa amejitanda vizuri, akitembea polepole na kiatu chake kimoja, na sikuutazama uso wake. Nilitazama midomo.

"Mama Ooko," akaita.

Nikaitika. Niliitika kwa sauti iliyowageuza watu wote ukumbini, nikaitika tena, na tena, kabla hajaniita mara ya pili.