Samaki wa Msiba wa Leodegar

Mwanamke akibaki kwenye benchi wakati wa komunyo, Wakatoliki wa kando ya mto Kilombero hawaulizi anaumwa nini. Wanajua. Ana bwana. Ndivyo walivyojua kuhusu Balbina, mjane wa Leodegar mvuvi, ambaye tangu masika ya mwaka uliopita alikuwa akikaa kitako, Jumapili hata Jumapili, akikunja magoti pembeni wenzake wapite kwenda mbele. Paskalina, jirani yake wa ua kwa ua, alihamishia hata kazi ya kupeta mchele kibarazani ili amwone huyo bwana akiingia. Mchele ukapetwa mpaka ukachoka. Hakuingia mtu.

Habari hizo zilimfikia Balbina, akacheka peke yake. Bwana ninaye, alisema moyoni. Lakini kaeni hapo kibarazani mpaka miguu iote mizizi, hamtamwona akiingia, maana hatoki.

Alikuwa tumboni mwake.

Ilianza hivi. Leodegar alikwenda kutega nyavu asubuhi moja mto ukiwa umejaa mpaka mashambani, na mtumbwi ukaonekana umenasa kwenye matete, mtupu. Watu wakatoka kumtafuta. Mtu akipotea mtoni hukokotwa nyavu, kwa kuwa upondo wa kusukumia mtumbwi haufiki chini wakati wa mafuriko, na nyavu hazijui kuchagua. Leodegar hazikumleta. Zilileta samaki, kitoga na kambale, wanono, matumbo yamewavimba. Na msiba una watu, watu wana njaa, na samaki hangoji mtu amalize kulia. Wanawake wakawapika. Ndiyo desturi ya pale: mto ukichukua mtu, mto huohuo huwalisha waliokuja kumlilia. Balbina alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu mume apotee. Wakambembeleza, wakamshika kidevu. "Kula mwenzetu, hata kipande." Akala. Samaki alikuwa mtamu, na hilo ndilo lililokuja kumchoma baadaye. Alikuwa mtamu, akaomba aongezewe.

Mwili haukupatikana. Wazee wakakata shina la mgomba, wakalivika shati la marehemu, wakalizika ili watu wapate kuondoka. Udongo wa kwanza ulipodondoka, Balbina alijiuliza, sasa kama humu hayumo, yuko wapi? Tumbo likamjibu. Ko. Ko. Ni kafi ikigonga ubavu wa mtumbwi, kama alivyogonga Leodegar siku zote akikaribia ukingo.

Tangu hapo hakumwacha. Mchana, jua likiwa utosini na ndege wote wamenyamaza, Balbina ameinama kwenye mpunga anapalilia, mara ko, ko, kutoka ndani. Akinywa maji, pumzi yake mwenyewe inamrudia na harufu ya tope na matete. Akitafuna, anahisi kama kuna mtu chini huko ametega sikio ajue leo kimepikwa nini. Siku moja pale sokoni Ifakara alipiga chafya, ikatoka chafya ya Leodegar, ile ya kutimua kuku, na mama muuza nyanya akageuka akasema, "Baba, afya!" Balbina akaacha nyanya zake pale pale akaenda nyumbani.

Na kanisani ndiko ilikozidi. Padre akiinua hostia na kuwaambia watu watwae wale mwili, tumbo linaanza kugonga. Afungue mdomo vipi? Mwili mmoja alishakula bila kuambiwa. Kuungama alitaka, akashindwa aseme ameua au amekula.

Jehanamu haikumtisha sana, angalau huko kuna watu anaowafahamu. Kilichomnyima raha ni siku ya ufufuo. Kila mtu ataamka na mwili wake, walifundishwa hivyo tangu utoto. Basi Leodegar ataamka amepungua, na alichopungukiwa anacho Balbina. Akirudishiwa yeye, Balbina atabaki na tundu. Asiporudishiwa, atachechemea milele. Na kama Mungu hana namna ya kuamua jambo hilo, basi labda hakuna wa kufufuka, na Leodegar alikuwa chakula cha samaki, kwisha. Akaapa kwamba atauliza. Akikosa jibu, lile benchi hatalikalia tena, na rozari atamrudishia dada yake kule Chita aliyempa.

Nafasi ikaja yenyewe. Nazari, katekista kijana mwenye shati lililonyooshwa mpaka linakata, alisikia kwamba waumini wake wanachungulia hema la nabii mmoja huko njia ya Kiberege, wakisema kule wanaruhusiwa kuuliza. Akatangaza kwamba kwenye jumuiya, uani kwa Paskalina, kila mwenye swali au shaka alete.

Wakaleta. Mzee Eustaki, mwenyekiti wa jumuiya, alianza na lake la miaka yote. "Mwalimu, Kaini alioa wapi?"

"Adamu alizaa wana wengine na mabinti, mzee. Imeandikwa."

"Kwa hiyo dada yake!"

"Wakati ule hakukuwa na mwingine."

"Mimi nilikatazwa binamu tu," Eustaki akanung'unika, na watu wakacheka.

Paskalina akauliza kwa nini Mungu mwema analeta mafuriko mpunga ukiwa umechanua. Nazari akasema hajui kwa nini mwaka huu na si mwaka mwingine, ila anajua kwamba bila mafuriko hili bonde lisingekuwa na udongo wa kuotesha hata huo mpunga. Paskalina akasema jibu zuri, lakini haliliki.

Ndipo Balbina akasimama. Wengine wakapiga umbea wa macho: sasa anamtaja bwana.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Sema, mama."

"Mwalimu, mtu akiliwa na samaki, na samaki akaliwa na mtu, siku ya mwisho nyama ni ya nani?"

Vijana wakaangua kicheko. Nazari naye akatabasamu, akafungua mdomo na jibu la kitabuni, lile la Mungu aliyeumba kwa mavumbi.

"Mavumbi hayajapitia kwa mtu, mwanangu. Nakuuliza kitoga. Nakuuliza wale wa msiba wa mume wangu."

Kicheko kikakatika kama kamba. Wote waliokuwa pale walikuwa msibani. Kuku wa Paskalina alisikika akiparura chini ya ghala.

"Nilikula," Balbina akasema. "Nikaongezewa. Na tangu hapo ananigongea. Ndiyo maana sikomuniki. Nyie mnasema nina bwana, nami sikatai, ninaye. Parapanda ikilia litaamka lile shina la mgomba na shati lake, mtaniuliza, Balbina, ndiye huyu? Nitasema siye, wangu ninaye hapa, tena kipande. Vingine mnavyo nyie."

Mzee Eustaki akasema polepole, "Mimi wawili kati yao niliwapeleka nyumbani, watoto wakala." Kisha akajuta kusema.

Balbina akamgeukia jirani yake. "Paskalina. Wewe ndiye uliyewapasua. Uliona nini ndani?"

"Sikuangalia."

"Mtu anapasua samaki bila kuangalia?"

"Niligeuza uso, dada." Sauti ya Paskalina ilikuwa nyembamba. "Nilitia kisu, nikageuza uso kule, nikatoa matumbo kwa mkono, nikayatupa mtoni. Wote. Sikuangalia hata mmoja."

Kwa hiyo na yeye aliwaza. Tangu siku ile ile, kabla hata ya chungu kuchemka, aliwaza, na akapika.

"Na wewe anakugongea?"

Mkono wa Paskalina ulikuwa juu ya tumbo, na alipoona watu wanautazama akauondoa upesi, kama aliyeungua.

Nazari alikuwa ameketi, jasho limeharibu shati lote. "Mimi nilikula kichwa," akasema. "Mgeni hupewa kichwa. Nilikuwa na siku chache tu hapa kigangoni." Kisha akamwelekea mjane. "Mama Balbina, marehemu alikua kwa kula nini?"

"Samaki. Angekula nini mwana wa mvuvi?"

"Wa mto huu?"

"Wa mto upi mwingine?"

"Na mto huu kabla yake ulikuwa umeshachukua watu?"

Wazee wakaangalia chini. Nani asiyekuwa na mtu wake mle? Eustaki alikuwa na baba.

"Basi hata Leodegar nyama yake haikuwa yake peke yake," Nazari akasema. "Hapa bondeni hakuna aliye na yake peke yake. Tumeazimana tangu mababu. Ile nyama uliyobatizwa nayo, mama, mtoto wa kubebwa, iko wapi leo? Imeshakwenda na jasho shambani. Wewe umebaki Balbina. Mungu hakumwita Leodegar kwa kilo. Alimwita kwa jina. Akimwita tena, ataitika mzima, na wewe utaitika mzima."

"Kwa namna gani?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, mama. Najua ataitwa. Namna sijui. Na kilichokuingia kinywani ukiwa unalilia mumeo si dhambi, hilo nalo najua."

"Na kugonga?"

Katekista akamwangalia. Macho yake yalikuwa ya mtoto sasa. "Mimi husikia saa ya kusoma somo," akasema. "Hupandisha sauti."

Balbina alirudi nyumbani jioni hiyo bila kusalimu mtu njiani. Kama kijana yule angejibu yote kwa ufasaha, angemwona mwongo kama wengine na rozari ingepanda basi la Chita. Lakini alisema hajui, tena mbele ya watu, na shati limelowa. Mtu asiyejua namna, na bado anasimama kila Jumapili kusoma huku akigongewa, huyo ana kitu. Balbina alikesha na hilo, na Leodegar akigonga, ko, ko, bila haraka, kama mtu ambaye mto wote ni wake.

Padre alipokuja kigangoni, kanisa lilijaa kuliko kawaida. Wakati wa komunyo ulipofika, wenzake walianza kujikunja ili wamruke. Balbina akainuka. Benchi zima likageuka. Akaingia kwenye mstari, mzee Eustaki mbele yake, Paskalina nyuma, na kadiri alivyosogea ndivyo kafi ilivyogonga kwa nguvu, mpaka akashangaa watu hawasikii. Au walisikia, kila mtu la tumbo lake. Mstari ule ulikwenda kimya, watu wameinamisha vichwa kama wanaovuka maji wasiyoyajua kina.

"Mwili wa Kristo," padre akasema.

Harufu ya matete ikampanda kooni. Balbina akainamia tumbo lake, akanong'ona kwa ukali wa mke:

"Leodegar, jisogeze. Mwenye nyumba anaingia."

Padre alidhani ni sala ya Kipogoro, akangoja kwa heshima.

"Amina," akasema Balbina, akafungua mdomo.

Akameza, akageuka kurudi mahali pake. Hakuwa amepiga hatua nyingi aliposikia nyuma yake padre akimngoja mtu mwingine. Ni Paskalina, mkono tumboni, ananong'ona.